Tarehe moja, siku mbili

Mhariri,

Safu ya "Siku kama ya leo" huisoma hata kabla ya habari za mbele. Ila kila Aprili tunaambiwa waandishi Shakespeare wa Uingereza na Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, 23 Aprili 1616. Hapana! Hispania ilishahamia kalenda ya Papa Gregori. Uingereza iling'ang'ania ile ya Julius Caesar, iliyokuwa nyuma kwa siku 10 wakati huo, hadi 1752. Shakespeare alipokata roho, kule Hispania ilikuwa 3 Mei.

Mkitaka sadfa ya kweli, ipo 4 Julai 1826: Adams na Jefferson, marais wastaafu wa Marekani, walifariki siku hiyohiyo, Tamko la Uhuru likitimiza miaka 50. Jefferson alitangulia kwa saa chache tu.

Msomaji wenu wa siku nyingi