Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Futari ilikuwepo, sherehe ya Desemba ilikuwepo, misiba minne tulisimama nayo hadi mwisho, na darasa la Kiswahili la watoto liliendelea mpaka mwalimu alipohamia mji wa Reading. Tuliingiza pauni 3,940 na kutumia pauni 3,615. Risiti zote anazo mweka hazina.

Sasa nije kwenye jambo lililowakera baadhi yenu: safari ya mji wa Bath ya mwezi Juni. Yaliyoandikwa kwenye kundi la WhatsApp niliyasoma yote, pamoja na lile la “pesa za misiba zimekwenda kutazama nyumba ya Mzungu”. Si kweli. Mfuko wa misiba una akaunti yake na haikuguswa hata peni moja. Kukodi basi, viingilio na chakula vilikula pauni 1,120 kwa jumla, na humo zimo 150 zilizotoka mfukoni mwangu, jambo ambalo sikukusudia kulitaja.

Wapo waliotaka twende baharini Weston kama kila mwaka. Wapo waliosema, kama ni lazima Bath, basi twende Fairfield, nyumba aliyoishi Mfalme Haile Selassie akiwa uhamishoni kuanzia 1936 hadi 1940. Wazo zuri, ila lilinifikia nimeshalipa. Nalaumiwa pia kwamba sikuwashirikisha. Jamani, kikao cha Machi niliitisha mimi. Tulikuja sita. Akidi ni 20.

Nilichagua Royal Crescent, nyumba namba 1, ambayo sasa ni makumbusho, kwa sababu wengi wetu maisha ya Uingereza tumeyaanzia kwenye nyumba za kizamani za kuungana ukuta, zilizokatwakatwa vyumba vya kupangisha. Mimi nimekaa miaka mitatu chumba cha chini ya barabara, dirishani naona viatu vya wapita njia tu. Nilitaka tuione nyumba ya aina hiyo ikiwa bado nzima, tujue tulikuwa tumepanga wapi.

Royal Crescent yote ni nyumba 30 zilizoshikana katika upinde mmoja, zenye nguzo 114 kwa mbele. Mchoro ni wa John Wood Mdogo na jiwe la msingi liliwekwa 1767, enzi ya wafalme wanne wa Uingereza waliofuatana wote wakiitwa George (1714 hadi 1830), ndiyo maana mtindo huo wa ujenzi umebeba jina lao, “Georgian”. Wood alisimamia sura ya mbele tu. Mnunuzi alichukua kipande chake cha mbele, huko nyuma akaleta fundi wake. Niliwazungusha watu saba hadi nyuma wakajionee: paa hili limepanda, lile limeshuka, madirisha kila moja na kimo chake. Waliobaki kwenye basi wakipiga honi walikosa uhondo.

Ndani, vyumba vya kupokea wageni vina dari ndefu na madirisha makubwa. Watumishi walilala juu kabisa, kwenye vyumba vilivyojificha nyuma ya ukingo wa paa, na walikuwa na ngazi zao za pembeni. Wenzetu wawili waliowahi kupanga darini walitazamana wakacheka. Jikoni ndipo tulipokaa sana. Kuna gurudumu la mbao ambamo mbwa mdogo aliingizwa akimbie, na mbio zake zikazungusha nyama mekoni. Mtoto mmoja akauliza kama mbwa naye alipata nyama. Hakuna aliyemjibu.

Nilipoeleza kwamba kuanzia 1696 hadi 1851 Waingereza walitozwa kodi ya madirisha, hata wengine wakayaziba kwa matofali, mama yetu mmoja aliyekuwa ameshika goti akasema: “Mwanangu, bora wangetoza kodi ya ngazi.”

Basi lilikuwa na viti 49. Waliojiandikisha 44. Waliofika 27. Hasara ya viti 22 imeandikwa kwa jina langu, sawa, lakini 17 kati ya hivyo vilikuwa na wenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa nawapigia simu tangu saa kumi na mbili asubuhi. Pilau la watu hamsini tulilila siku tatu.

Ada ndiyo kidonda. Daftari lina wanachama 71, waliolipa mwaka mzima ni 29. Na katika waliolalamika kwa sauti kubwa kuhusu fedha za chama, watano hawajalipa tangu 2022. Majina sitayaandika hapa. Wanajijua, na mweka hazina anawajua.

Mwakani, Mungu akipenda, darasa la watoto tutaliangalia, na safari huenda ikawa Fairfield au hiyo bahari yenu, kutegemea michango. Aliyebaki na sufuria mbili kubwa za chama tangu Juni azirudishe kabla ya futari.

Mwenyekiti