Barua kwa mwanangu: ile karatasi ya mawimbi

Busia, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniomba mambo mawili: nikutumie ile karatasi ya kipimo cha ubongo ya ulipokuwa P4, darasa la nne, ukawaonyeshe wenzako huko chuoni Kyambogo, na nimpeleke mdogo wako naye akapimwe kwa kuwa kusoma kunamshinda. La kwanza ni rahisi. La pili limeninyima usingizi siku mbili, na si kwa ajili ya pesa.

Ulikuwa na miaka tisa. Shuleni walikuwa wanaleta maneno yale yale kila muhula: mtoto anaota mchana, mtoto mvivu. Nikawaamini. Siku moja ulikuwa unanisomea pale mlangoni mwa kibanda cha vitenge, ukanyamaza katikati ya sentensi, macho yamekazia barabara ya mpakani, kope zinachezacheza. Nikadhani unatazama boda boda. Nikakuzaba kofi. Hukulia. Baada ya kitambo uliendelea kusoma kutoka mstari mwingine kabisa, kama abiria aliyezinduka na kukuta gari limeshapita kituo chake. Kule kutolia ndiko kulikoniudhi zaidi, nikaona una kiburi. Kumbe kofi lile lilikukuta haupo.

Kilichonifumbua macho ni daftari lako la imla. Mimi si msomi, lakini mahesabu ya duka nayajua, na daftari lenye mapengo nalitambua. Ulikuwa umeruka maneno matatu mfululizo, kisha la nne umeliandika bila kosa hata la herufi moja. Ukurasa uliofuata, vivyo hivyo. Mvivu hukosea hapa na pale. Hapotezi maneno matatu kwa mkupuo halafu akarudi mwandiko ukiwa safi. Nililifunga daftari lile kwenye mfuko wa plastiki, alfajiri tukapanda taksi ya Kampala. Pale Namawojjolo uliomba kuku wa kuchoma, nikakununulia mapaja mawili. Nilikuwa nalipa deni ambalo hukujua unanidai.

Sijui unakumbuka kiasi gani, kwa hiyo nakuandikia nilichokiona. Shule yenu iliwanyoa wasichana wote, jambo nililolinung'unikia sana, lakini siku ile ilitufaa: kwenye foleni kulikuwa na mama anafumua misuko ya bintiye huku jasho linamtiririka. Fundi alikupima kichwa kwa utepe kama fundi cherehani, kuanzia shina la pua hadi kile kinundu cha kisogoni, akatia alama kwa penseli nyekundu, akabandika waya ishirini na kitu kwa dawa nzito kama uji wa mtoto. Nilimuuliza kama umeme utakuingia. Akacheka, akasema hakuna kinachoingia, mashine inasikiliza tu. Umeme wenyewe ni wako na ni mdogo mno. Betri ya tochi ni volti 1.5, na huo wa kichwani huhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti moja. Mjerumani Hans Berger alikuwa wa kwanza kuunasa kwenye kichwa cha binadamu, mwaka 1924, akautangaza mwaka 1929. Lakini hayo nadhani mmeshafundishwa.

Ulifumba macho, mistari ikatulia ikawa mawimbi laini. Ukafumbua, yakapotea. Kisha akakwambia upulize kwa nguvu, dakika tatu, kama unayewasha sigiri. Dakika ya pili haijaisha, ukaacha kupuliza. Karatasi yote ikalipuka: vilele na mabonde, matatu kila sekunde, waya zote kwa pamoja. Fundi akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Embe." Sekunde kama kumi, mistari ikarudi ilivyokuwa, nawe ukaanza kupuliza tena kana kwamba hukuacha. Akakuuliza, "Nimekutajia neno gani?" Ukamwangalia, ukaniangalia mimi. "Hajasema kitu, mama."

Nilitoka nje nikasimama kwenye veranda.

Daktari aliita kifafa cha kutoweka. Hakuna kuanguka wala povu, ni mtoto kuzimika kidogo na kuwaka, pengine mara kadhaa katika somo moja. Dawa ulianza wiki ile ile, na kufikia P6 mapengo ya imla yalikuwa yamekwisha. Shangazi yako aliyekuwa ananihimiza nikupeleke kwa mganga alinyamaza. (Watoto wa Kitgum na Pader, huko kaskazini mwa Uganda, nao, waliokuwa wanatikisa vichwa wakisemwa wana mapepo, ni mashine ya namna hii iliyosaidia kuonyesha kwamba kule kutikisa ni kifafa.)

Sasa mdogo wako. Sikukwambia, lakini nilimpeleka Januari. Nilikaa pale nikiombea, Mungu anisamehe, vilele vitokee. Havikutokea. Mawimbi safi toka mwanzo hadi mwisho. Daktari akanieleza kwamba kipimo hiki hakipimi akili na hakiwezi kusema mtoto huyu ana tatizo la kusoma au hana. Watafiti huwavisha watoto wengi kofia za waya, huwaonyesha maneno mamia, kisha hutafuta wastani, na hapo huona tofauti za sehemu ndogo za sekunde kati ya kundi linalosoma vizuri na lile linalotatizika. Nikamwelewa kwa lugha ya huku kwetu: wastani wa wavuvi wa Majanji haukwambii mtumbwi huu utarudi na nini.

Aliniuliza pia kuhusu malaria, nami nikamweleza ile homa ya degedege iliyompata mdogo wako akiwa na miaka mitatu, alipolala siku mbili bila kujitambua. Akasema watafiti waliwafuatilia watoto wa hospitali ya Mulago waliopona malaria ya ubongo, na katika matokeo ya mwaka 2008, baada ya miaka miwili, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri au kukumbuka. Huenda ndiyo, huenda siyo. Kwa mdogo wako hakuna anayeweza kuapa.

Kwa hiyo sirudi tena. Wala yule anayepita sokoni na kompyuta, anayetoa picha za ubongo za rangi nyekundu na bluu na kuahidi kutibu kusoma kwa vikao ishirini, hatapata shilingi yangu. Macho na masikio yamepimwa, ni mazima. Kuna mwalimu aliyesomea hapo hapo kwenu, anamfundisha sauti za herufi kwa vifuniko vya soda, nusu saa kila jioni. Kiswahili anakisoma polepole lakini anafika, maana kinatamkwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza ndicho kinachomyumbisha. Nisaidie jambo hili: uliza hapo taratibu za UNEB, lile baraza la mitihani, za muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na shule inatakiwa kuomba lini. Hapa kila mtu ananitupia kwa mwingine.

Karatasi nimeikunja mara moja tu, nimeifunga ndani ya kitenge cha kijani. Daftari la imla limo humo pia. Amepewa dereva wa taksi ya saa kumi na mbili asubuhi, mkutane Old Taxi Park. Akikudai nauli ya mzigo usimpe, nimeshamlipa.

Mama yako