Punda wa mwituni wasitolewe mmoja mmoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji, hasa ndugu zetu wenye mashamba huku Marekani, habari za punda wa mwituni wanaoondolewa katika ardhi ya umma ya Arizona, Nevada na California. Punda hawa, ambao asili yao ni Afrika, wanalindwa na sheria ya mwaka 1971, na wanapozidi uwezo wa malisho na maji, serikali huwakusanya na kuwakabidhi watu walio tayari kuwalea.

Mwaka 2019 ulianza mpango wa kuwalipa walezi dola 1,000 kwa kila mnyama, na baadhi ya punda hao wakaishia minadani mikononi mwa wanunuzi wa machinjio. Mahakama iliufuta mpango huo mwaka 2025. Mlezi wa kweli hapatikani kwa fedha, bali kwa kukaguliwa zizi na kutembelewa kabla mwaka haujaisha na mnyama kuwa mali yake kisheria.

Jike niliyemchukua mimi, mwenye chapa shingoni, alisimama siku tisa kwenye kona ya uzio, asiguse majani makavu mpaka niondoke. Nilipomletea mwenzake walisimama ubavu kwa ubavu, na kabla ya wiki kwisha alikuwa akila mkononi mwangu. Sisi tuliokulia Lamu tunajua punda asivyopenda upweke. Naiomba idara husika isimkabidhi mtu punda mmoja ikiwa hana mwingine nyumbani.

Wako,
Msomaji, Tucson, Arizona