Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: imunotherapi ije na mafunzo mpaka vituo vya chini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mtumba, Dodoma.

Pole na majukumu mheshimiwa. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya huku vijijini mkoa wa Dodoma, nakuandikia hadharani kwa sababu ninachotaka kusema kuhusu imunotherapi, yaani dawa za saratani zinazoamsha kinga ya mwili, kinawahusu matabibu na manesi wa zahanati zote nchini, na wengi wetu kinatupita mbele ya macho bila kukijua.

Kuna mzee aliletwa kwetu na mwanae kwa bodaboda, anaharisha wiki ya pili, kamasi na damu, hawezi kukaa kwenye benchi muda mrefu bila kukimbilia choo. Walishapita sehemu nyingine mbili, akapewa metronidazo, akapewa ORS, akaongezewa antibiotiki ya sipro, kipimo cha malaria hasi, choo kimepimwa hamna amiba hamna minyoo. Ila yule kijana alikuwa na bahasha ya kaki imejaa karatasi za hospitali ya India, na ile ya juu kabisa imeandikwa nivolumabu, mojawapo ya hizo dawa za kuamsha kinga. Hapo ndo habari yote ilipokuwa. Mzee hakuwa na maambukizi, utumbo wake ulikuwa unashambuliwa na kinga yake mwenyewe, zile zile chembe nyeupe zilizoachiwa zikapambane na saratani ya mapafu.

Naomba nieleze kidogo, najua una wataalamu ila wananchi nao wanasoma. Kwenye damu kuna seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga. Watu wa CTC, kliniki za VVU, wanazijua kwa jina la CD4, na zipo nyingine CD8 ambazo ndo zinazoua zenyewe, zikikuta seli iliyoharibika zinaitoboa na kuimaliza. Sasa kinga ikipambana lazima ilete inflamesheni, sehemu inavimba, inapata joto, inauma, na isipozuiwa inaanza kuharibu mpaka sehemu za mwili zisizo na ugonjwa, ndo maana seli T zina breki. Moja inaitwa CTLA-4, nyingine PD-1. Saratani inazitumia hizo breki kujificha, inatoa protini ya PD-L1 inayojishika kwenye PD-1 ya seli T, seli T inatulia na saratani inaendelea kukua. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walizifanyia kazi breki hizi wakapata Nobel mwaka 2018, na dawa ya kwanza ya kuachia breki hizo, ipilimumabu, iliruhusiwa Marekani 2011, nivolumabu na pembrolizumabu zikafuata 2014. Hizi dawa haziui saratani zenyewe kama kemo, zinaachia breki tu, kazi inafanywa na seli za mgonjwa. Na breki ikiachiwa haiachiwi kwenye uvimbe wa saratani peke yake, inaachiwa mwili mzima.

Kuna seli nyingine ambazo kwa maoni yangu ndo kiini cha yote, seli T za kutuliza. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha 1995 wakati wanasayansi wengi hawakutaka hata kusikia habari hizo, baadae Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani wakaigundua jeni ya FOXP3 ambayo ndo inazitengeneza, na 2025 wote watatu wakapewa Nobel. Hizi zinapunguza makali ya seli nyingine, zinatoa sitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga zinatumiana kama ujumbe, zile za kutuliza kama IL-10, zinamaliza sitokini nyingine ya IL-2 ambayo seli T wenzao wanaihitaji ili waongezeke, na zenyewe zimejaa CTLA-4. Mtoto akizaliwa na FOXP3 mbovu anaharisha vibaya, anapata kisukari akiwa bado mchanga, ngozi inababuka. Sasa angalia mgonjwa wa imunotherapi anapata nini: kuharisha, vipele, kisukari cha ghafla, tezi ya thairoidi kushindwa kazi, ini kuharibika, mapafu kubana, na mara chache moyo, huo ndo unaoua haraka. Karibu ni mambo yale yale. Uvimbe unazivuta hizi seli za kutuliza zije ziuzunguke ili CD8 zisifanye kazi, kwahiyo pale tunataka zipungue nguvu, ila utumbo nao unazihitaji ili kinga isipigane na bakteria wa kawaida wanaoishi mle ndani. Daktari hawezi kuchagua sehemu moja akaacha nyingine.

Na isieleweke kwamba inflamesheni siku zote inasaidia dhidi ya saratani. Ile ya miaka mingi, kama ya kichocho kwenye kibofu au homa ya ini B kwenye ini, ndo inayoiotesha.

Tatizo letu sisi wa chini mheshimiwa ni kwamba madhara haya kwa kawaida hayaji siku ya dripu, yanakuja wiki au miezi baadae, mengine hata baada ya dawa kusimamishwa. Wakati huo mgonjwa hayupo hospitali ya saratani ya Ocean Road wala Mumbai, yuko kwake Kondoa, yuko Mpwapwa, yuko Manyoni, na wa kwanza kumuona ni sisi. Akiharisha tunawaza amiba, akikohoa tunawaza nimonia au TB, akichoka tunawaza malaria, na tunafundishwa hivyo kwa sababu ndo magonjwa yaliyopo. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna swali moja la kuuliza kwanza, umewahi kuchomwa dawa ya saratani ya kuamsha kinga?

Dawa ya kuanzia tunayo na ni bei rahisi, prednisoloni, inayotuliza kinga. Akiwa na hali mbaya anapewa miligramu 1 mpaka 2 kwa kila kilo kwa siku, alafu inashushwa taratibu kwa wiki nne mpaka sita. Hapo kwenye kushusha ndo kuna hatari kubwa, maana sisi tumezoea prednisoloni ya siku tano ya pumu, ukikatisha hivyo kwa huyu mgonjwa inflamesheni inarudi. Asipopata nafuu kwa siku tatu mpaka tano anahitaji infliksimabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, hiyo ni ya hospitali kubwa, na lazima apimwe TB kabla kwa sababu inaweza kuiamsha. Yule mzee tulimpigia simu daktari bingwa mjini, akatuelekeza tuanze prednisoloni na dripu, akapelekwa rufaa siku ile ile, na kuharisha kukakata. Angeendelea na metronidazo utumbo ungeweza kutoboka.

Najua kuna watakaosema dawa zenyewe ni za matajiri, tusubiri kwanza. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani limeiingiza pembrolizumabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, saratani ambayo inaongoza kwa wanawake wetu. Na hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ilitoa utafiti 2022, wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo walipewa nivolumabu miligramu 20 tu kila wiki tatu, kipande kidogo cha dozi ya kawaida, pamoja na kemo ya vidonge, na waliokuwa hai baada ya mwaka wakawa kama 43 kwa kila 100 badala ya 16. Miligramu 20! Gharama ikishuka hivyo wagonjwa hawa watakuwa wengi, na watarudi vijijini kwao.

Ninachoomba sio mashine mpya. Wizara iweke kurasa mbili za madhara haya kwenye STG, muongozo wa taifa wa matibabu, kwa ngazi ya zahanati na kituo cha afya, ziandikwe kwa Kiswahili, na waganga wakuu wa wilaya wazipitishe kwenye mafunzo kazini. Prednisoloni na haidrokotisoni za sindano zisikatike stoo, Bohari ya Dawa izihesabu kama inavyohesabu dawa za malaria. Hospitali za wilaya ziwe na vipimo vya ini, sukari na TSH ya tezi ya thairoidi vinavyofanya kazi, maana siku hizi unaambiwa mashine ipo ila vitendanishi hamna. Kuwe na namba moja ya simu ya bingwa wa saratani kwa kanda ya kati, pale hospitali ya Benjamin Mkapa kwa mfano, tabibu apige hata saa nane usiku.

Na kila mgonjwa anayeanzishiwa dawa hizi, awe ametibiwa hapa au nje ya nchi, apewe kadi ndogo ya kukaa nayo kwenye pochi pamoja na kadi ya bima, imeandikwa jina la dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, na sentensi moja kwamba akiharisha, akikosa pumzi au kifua kikimbana, asipewe dawa nyingine kabla ya kumpigia bingwa. Kadi hiyo inaweza kuchapwa mwezi huu huu, haisubiri bajeti ya dawa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Tabibu, Dodoma vijijini