Barua ya wazi kwa Waziri: handaki la nje la Bigo bya Mugenyi liwekewe mipaka

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kwa heshima kuhusu Bigo bya Mugenyi, yaani ngome za Mgeni, ngome za kale za mahandaki na matuta ya udongo zilizoko kusini mwa Mto Katonga wilayani Sembabule. Ninaomba vigingi vya mpaka wa hifadhi vifuate handaki la nje, visiishie kwenye tuta la katikati.

Anayefika pale mara ya kwanza hutafuta ukuta, naye haoni ila nyasi, vichaka na ng'ombe wenye pembe ndefu. Mpaka ashuke mwenyewe ndani ya handaki, ambalo mahali pengine lina kina cha mita 4 hivi na limechongwa hadi kwenye mwamba, ndipo hutambua kwamba amezungukwa na kazi ya mikono ya watu. Mahandaki hayo kwa jumla yana urefu wa zaidi ya kilomita 10. Wazee huyahusisha na Bachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa katika masimulizi ya eneo hili, na wanaakiolojia, akiwemo Merrick Posnansky aliyechimba hapo mwaka 1960, wameyaweka takriban kati ya karne ya 14 na ya 16.

Handaki la nje lina mapengo mengi ya kupitia, kiasi kwamba wataalamu wanabishana kama lilichimbwa kuzuia adui au kutunza mifugo. Jibu limo katika udongo wenyewe: katika upana wa kila pengo na katika mashapo yaliyojaa chini. Ukuta wa mawe ukibomoka, mawe yake huweza kupangwa tena. Handaki likishalimwa au kufukiwa, ushahidi wake umepotea.

Simwombi yeyote awafukuze wafugaji. Mahali hapa palikuwa pa ng'ombe tangu mwanzo, na wao ndio wanaolijua handaki kwa hatua zao. Waonyeshwe tu sehemu maalumu za kuvusha mifugo, ili kwato zisiendelee kumomonyoa kingo kila mahali, nao washirikishwe katika kupima.

Mheshimiwa, Bigo na Ntusi, eneo jingine la kale lililo jirani, zimo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 1997, na UNESCO haipokei pendekezo lisilo na mpaka ulio wazi. Ninaomba wapimaji watumwe kabla mashamba hayajagawanywa zaidi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia