Kichwa Kikigonga Kila Ukikohoa: Kwa Nini Tunauliza Kabla ya Kuuza

"Nyie mnauza dawa au mnauza maswali?" Ndivyo alivyotuambia mteja wiki hii, hapa kwenye duka letu la dawa, Ngamiani, Tanga, mkononi ana karatasi ya Panadol iliyobaki vidonge viwili. Anadai tumemuuzia feki: anameza, akikohoa tena, kichwa kinagonga vile vile. Lawama hii tumeisikia mara nyingi.

Dawa si feki, kaka yetu. Kichwa kinachouma kwa kukohoa, kupiga chafya au kujikamua chooni mara nyingi huuma sekunde au dakika chache tu. Panadol huchukua kama nusu saa kuanza kazi. Maumivu yameshaondoka, kidonge bado kiko tumboni. Na ukimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuanza kukuumiza kichwa. Wanaookoa nauli ya kwenda hospitali ya Bombo ndio hao wanaomaliza boksi.

Wengine wanataka indometasini, dawa nyingine ya maumivu, kwa kuwa jirani ilimsaidia. Husaidia baadhi ya watu, kweli, lakini huchubua tumbo. Bila cheti cha daktari hatutoi, hata ukinuna.

Mwaka jana mama mmoja wa Makorora alikuja na shida hiyo hiyo, ameshakunywa chupa sita za dawa ya kikohozi. Tulimwomba atuletee kila dawa anayotumia. Akafungua pindo la kanga juu ya kaunta: enalapril, ya presha. Dawa hiyo huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu. Tukamwandikia karatasi ampelekee daktari wake, akabadilishiwa. Baada ya wiki kadhaa kikohozi kikakoma, na kichwa nacho. Maswali yale hatukumtoza hata senti. Kupima presha tu ndiyo shilingi 1,000, kwa sababu tunakukalisha dakika tano kwanza, kisha tunapima mara mbili.

Kichwa cha kukohoa kikikuanza, daktari akuone. Wakati mwingine chanzo kiko ndani ya fuvu na huonekana kwa picha tu. Ila kikikulipukia ghafla, kikafika kilele ndani ya dakika moja, kikali kuliko chochote ulichowahi kupata, uwe umebeba gunia au uko kitandani na mwenzio, usije kwetu. Huenda damu inavuja kichwani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.