Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Umoja wa Kidato cha Sita, 2019/2020

Ndugu wanachama,

Katiba yetu fupi, ile tuliyoiandika kwa mkono kwenye kaunta buku mwaka 2018, inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mbele ya mkutano kabla darasa halijaagana. Mwaka huu hatukuagana. Kila mmoja aliondoka siku aliyomaliza karatasi yake ya mwisho, huku wengine wakiwa bado ndani ya chumba cha mtihani, na nawajua wenzetu waliopita getini bila kupata nafasi ya kumshika mkono mtu waliyelala naye kitanda cha juu na chini kwa miaka miwili. Kwa hiyo taarifa naiandika, ili imfikie kila mwanachama alipo.

Wengi wetu tulianza Kidato cha Kwanza Januari 2014 katika shule za kata, kila mmoja mkoani kwake, wakati ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na bado wapo waliorudishwa nyumbani kwa kukosa kiasi hicho. Tulipoingia Kidato cha Tatu, Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulianza kutekelezwa na ada ikaondolewa hadi Kidato cha Nne. Ahueni hiyo ilitufikisha kwenye mtihani wa 2017, kisha ikaishia hapo hapo, kwa kuwa Kidato cha Tano na cha Sita havikuhusika. Tuliofaulu tukapangiwa shule ya bweni yenye ada ya shilingi 70,000 kwa mwaka, pamoja na godoro, ndoo, jembe, rimu ya karatasi, michango, na nauli ya kuvuka nusu ya nchi. Nayakumbusha haya kwa sababu umoja wetu ulizaliwa humo. Julai 2018, wiki ya kwanza ya kuripoti, tuligundua kwamba karibu kila tranka ilikuwa na upungufu fulani kwenye orodha ya fomu ya kujiunga, na kwamba tukiunganisha matranka yetu upungufu ulikuwa mdogo kuliko tulivyoogopa. Mchango wa shilingi elfu moja kwa mwezi tuliupitisha bwenini, usiku, kabla hatujajuana majina yote.

Baridi ya Iringa mwezi Julai hamjaisahau, hasa ninyi mliotoka Lindi na Kigoma. Kati ya yote tuliyofanya kama umoja, jambo ninalolithamini kuliko mengine ni kipindi cha Jumamosi jioni cha BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, ambacho wenzetu wa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) walikiendesha kwa hiari yao kwa ajili ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia na jiografia), tangu muhula wa kwanza hadi wiki ya mwisho. Walikuwa na masomo yao magumu ya kutosha. Nimewaona wakirudia kanuni moja mara nne kwa mtu mmoja, bila kumkatisha tamaa, ilhali kengele ya kulala imekwishagongwa na matroni amesimama mlangoni akiwaacha wamalize. Ninawashukuru kwa niaba ya darasa zima. Wapo miongoni mwetu waliotoka shule zisizokuwa na maabara, walioishika bureti kwa mara ya kwanza wakiwa Kidato cha Tano, na hao nao walibebwa na wenzao hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Tarehe 17 Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa kwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule kwa siku 30. Tulikuwa tumebakiza majuma machache tu kabla ya mtihani wa Mei, na mahafali yetu yalipangwa kufanyika Aprili. Tuliondoka na begi dogo, tukiacha magodoro na notisi, tukiamini tunarudi karibuni. Siku 30 zikapita. Waliokuwa na redio au televisheni walifuatilia vipindi vya masomo. Wengine walikuwa shambani tangu asubuhi, na niliyempigia simu wakati huo aliniambia anakariri kemia huku akipalilia. Tarehe 21 Mei ikatangazwa kwamba Kidato cha Sita na vyuo vitafunguliwa tarehe 1 Juni, na mtihani ukapangwa kuanza tarehe 29 Juni.

Hapo ndipo kamati ilipofanya uamuzi ambao nawajibika kuueleza. Kati ya tangazo na siku ya kufungua zilikuwepo siku kumi na moja. Simu zikaanza kuingia kutoka kwa wenzetu ambao wazazi wao hawakuwa wameuza kitu kwa miezi miwili na hawakuwa na nauli, na anayetoka Bukoba hafiki Iringa kwa siku moja. Fedha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mahafali, iliyochangwa kwa ajili ya chakula, muziki na sare. Katiba inataka matumizi ya namna hiyo yapitishwe na mkutano. Hatukuitisha mkutano, tulishauriana kwa simu watu watano, na siku ya pili yake mweka hazina akaanza kutuma nauli. Najua baadhi yenu mliumia, na mmoja aliniambia wazi kwamba mama yake alikopa mchango ule ili aje amwone binti yake akivaa joho. Nimelibeba neno hilo hadi leo. Utaratibu niliukiuka mimi, na lawama ya hilo ni yangu. Hata hivyo ningelazimika kuchagua tena, ningetuma nauli, kwa sababu mahafali yenye viti vitupu vya watu waliokwama stendi yasingekuwa mahafali ya darasa hili. Hesabu kamili, kwa kila aliyetumiwa na kiasi alichotumiwa, mweka hazina anayo, na mwanachama yeyote anaweza kuiomba.

Tulirudi. Tulinawa kwa maji tiririka getini, tukavaa barakoa, tukatenganisha madawati, tukasoma kwa wiki nne masomo tuliyoyaacha kwa miezi miwili na nusu. Matokeo yametangazwa mwezi huu wa Agosti na kila mmoja ameyaona yake, kwa hiyo sitayachambua. Niwakumbushe tu waliofaulu kutuma maombi ya vyuo na ya mkopo mapema, na kuhakiki cheti cha kuzaliwa kabla ya kujaza fomu, maana majina yasiyolingana yanachelewesha mengi.

Lakini wenzetu wawili hawakurudi. Nauli ilitumwa, na mmoja wao aliirudisha yote, pamoja na ujumbe wa kutuombea heri. Sababu zao sizitaji kwa kuwa hawakuniruhusu. Kwenye orodha ya umoja majina yao yapo hadi sasa, na nimeulizwa mara tatu kama yafutwe, kwa kuwa umoja wetu sasa unakuwa wa wahitimu na wao hawakuhitimu. Nimekataa, na nitaendelea kukataa hadi mtakaponiagiza vinginevyo. Mmoja wao ndiye aliyeandika katiba yetu kwa mwandiko wake. Wote wawili walichangia elfu moja yao kila mwezi hadi Machi, na mmoja alikuwa miongoni mwa wale walimu wetu wa Jumamosi.

Napendekeza basi kwamba, kwa kura yenu, neno "wahitimu" tusiliingize katika jina la umoja. Kwamba mwanachama awe ni yeyote aliyesoma nasi Kidato cha Tano. Na kwamba salio lililobaki baada ya nauli litumike kuwalipia hao wawili ada ya mtihani kama watahiniwa wa kujitegemea mwaka 2021, endapo watakuwa tayari. Nimezungumza nao wote. Mmoja amekubali na ameomba atumiwe notisi za baiolojia. Mwingine amesema anafikiria. Mwenye notisi za baiolojia zilizokamilika amjulishe katibu, na kura zenu zimfikie katibu huyo huyo kabla ya mwisho wa Septemba.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti